Kompyuta ya nyumbani ikishaingiliwa, tuanzie wapi?

(Mazungumzo ya ofisi ya miradi na wajumbe wa kamati za sharika za ukanda wa ziwa, Kyela. Tunayachapa hapa kwa ombi la wajumbe, na kwa ajili ya wafadhili wetu ambao hawakuwepo.)

Kwa wale waliotoka Ikombe kwa mtumbwi tangu alfajiri, ndaga fijo.

Kwenye barua ya mwaliko tuliandika kwamba tutazungumzia "matumizi salama ya TEHAMA katika miradi". Jina hilo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: kompyuta ya nyumbani imeingiwa na virusi, mafaili hayafunguki, na barua pepe inatumiwa na mtu mwingine. Je, tuanzie wapi, na nini kinaweza kupona?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ofisi ya miradi ihangaike na kompyuta ya nyumbani kwa mtu. Jibu mnalijua. Ni sharika chache huku bondeni zenye kompyuta ya ofisi. Taarifa ya mradi wa maji huandikwa na katibu usiku, sebuleni kwake, kwenye laptopu ambayo mchana mtoto anaitumia kwa masomo na kijana anaitumia kuangalia sinema. Orodha ya watoto wanaolipiwa ada imo humo. Hesabu za kikundi cha kakao zimo humo. Barua za kwenda kwa wafadhili zinatoka humo, tena kwa anwani ya katibu mwenyewe. Kompyuta ile ni ya nyumbani kwa jina tu. Kwa kazi ni ofisi ya usharika isiyo na mlango.

Miezi michache iliyopita jambo hili lilitokea katika usharika mmoja kati ya Ipinda na Matema. Jina hatulitaji, na tunawaomba mlio hapa na mnaolijua nanyi msilitaje. Laptopu ya katibu ilikuwa imekuwa nzito. Akaipeleka kwa fundi, naye akaweka Windows upya pamoja na programu za kuandikia na za hesabu, kwa bei ya chini kabisa. Programu zile hazikuwa na leseni. Ili zikubali kufanya kazi, fundi alishusha kutoka mtandaoni kijiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, na kwa kuwa kinga ya virusi ilikuwa inakikataa kijiprogramu hicho, akaizima kinga. Hakuna jambo la ajabu hapo. Hufanyika hivyo kuanzia Kyela mjini hadi Kariakoo. Lakini hebu tulitazame kwa lugha ya kawaida: mlinzi alipiga kelele kwamba mgeni huyu ana panga, nasi tukamfukuza mlinzi.

Siku ya tatu lilitokea dirisha kwenye skrini linalosema Windows inajisasisha, asizime mashine. Katibu akasubiri, kama mtu yeyote mtiifu angefanya. Dirisha lile lilikuwa la uongo. Nyuma yake mafaili yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Lilipoondoka, kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina lake, na katika kila folda kulikuwa na karatasi moja iitwayo _readme.txt. Karatasi ilidai dola 980 za Marekani, au nusu yake, dola 490, kama mwenye mafaili atawasiliana nao ndani ya saa 72.

Waliosoma karatasi hiyo walidhani katibu wetu amelengwa na mtu anayejua habari za mradi. Sivyo. Virusi hivyo vina jina, huitwa STOP au Djvu, vimesambaa duniani kote tangu mwaka 2018, na karatasi hiyo hiyo yenye bei hiyo hiyo imewafikia watu wengi sana India, Brazili, Misri na kwingineko. Tofauti yake na virusi vingine vya kudai fidia ni kwamba hivi havikutafuta makampuni makubwa. Vilitafuta watu wa nyumbani, na njia yake kuu ilikuwa ni hiyo hiyo ya programu zilizovunjwa kufuli. Wengi mnakumbuka WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017, iliyoingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Ile ilipita kwenye ufa wa Windows ambao kampuni ilikuwa imeshatoa dawa yake tangu Machi mwaka huo, na ikawakuta wasioiweka dawa. STOP haihitaji ufa. Inafunguliwa mlango na mwenye nyumba.

Sasa tunaomba mtusikilize vizuri, maana hapa ndipo sharika nyingi zingepotea. Wezi walioingia walikuwa wawili. Wa kwanza ni huyu anayefunga mafaili na kuacha karatasi. Anaonekana, anatisha, na kila mtu anamshughulikia yeye. Wa pili haonekani. Imejulikana kwa miaka kadhaa kwamba STOP mara nyingi huja na mwenzake, kijiprogramu cha kuiba maneno ya siri. Hicho husoma maneno yote ya siri ambayo kivinjari kimeyahifadhi, pamoja na vile vitambulisho vidogo vinavyokufanya usiulizwe neno la siri kila unapofungua barua pepe, kisha kinavituma kwa wenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kufikia wakati katibu anaiona karatasi, funguo za barua pepe, za Facebook na za kila alipowahi kuingia kwa kompyuta ile zilikuwa zimeshatoka nje ya nchi.

Kwa hiyo mtu anayekimbilia kuokoa mafaili kwanza anamfukuza mwizi wa kuku huku mwingine anapakia ng'ombe. Mafaili yaliyofungwa hayaendi popote. Yatakuwepo kesho na mwezi ujao. Akaunti ndizo zinazokimbia.

Katibu yule alifanya mambo mawili mema kabla hajatupigia simu: alizima Wi-Fi, na alichomoa flashi iliyokuwa imechomekwa. Tunasema mema kwa sababu virusi vya namna hii hufunga kila kinachoonekana, flashi na diski ya nje vikiwamo. Jambo la tatu alikuwa anataka kulifanya, nalo tulimzuia: kufungua barua pepe kwa kompyuta ile ile ili abadilishe neno la siri. Neno jipya lingeibwa palepale. Tulimwambia aifunge mashine, aiweke kando, atafute simu au kompyuta nyingine ambayo ni safi. Akatumia simu ya mkewe.

Kwenye barua pepe ndipo pa kuanzia, kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo mama wa akaunti. Mwenye barua pepe yako anaomba kubadilisha neno la siri la Facebook, na barua ya kuthibitisha inaletwa kwake. Katibu alikuwa na Gmail. Bahati nzuri neno la siri lilikuwa halijabadilishwa. Alipolibadilisha, tulimwelekeza aingie sehemu ya usalama, atazame orodha ya vifaa vilivyoingia, na avitoe vyote. Watu wengi huishia kwenye neno la siri, na hapo ndipo wanapokosea; yule aliyeiba kile kitambulisho kidogo anaweza kuwa bado yumo ndani, ameketi, wala haulizwi neno la siri. Kisha tukatazama namba ya simu na anwani ya akiba, kama ni zake mwenyewe.

Kisha tukatazama jambo ambalo hakuna fundi huku kwetu tuliyewahi kumwona akilitazama: kanuni za kuchuja barua. Ilikuwepo kanuni moja ambayo katibu hakuiandika. Ilisema kwamba barua yoyote inayotoka kwa anwani ya mfadhili wetu mmoja isionekane kwenye kikasha, ihifadhiwe kimyakimya kando, na nakala yake ipelekwe anwani nyingine. Tulipofungua huko kando tukakuta mazungumzo ya siku nne ambayo katibu hakuwahi kuyaona. Mtu alikuwa amemwandikia mfadhili kwa jina la katibu, kwa heshima zote, akinakili salamu na namna ya kuandika kutoka barua za zamani. Alieleza kwamba akaunti ya benki ya usharika iko kwenye ukaguzi, hivyo awamu ya pili ya fedha za kisima itumwe kwenye akaunti nyingine, ambayo aliiambatisha.

Fedha hizo hazikutumwa. Hazikuzuiwa na programu yoyote. Mama mmoja wa kamati ya wafadhili, ambaye aliwahi kuja Matema na ana namba ya simu ya mwenyekiti wetu, aliona ajabu kwamba akaunti mpya ipo kwa jina la mtu binafsi, akapiga simu kuuliza. Mwenyekiti alikuwa shambani, hakuelewa anaulizwa nini, akasema tu kwamba hajui habari za akaunti mpya. Ilitosha.

Tunataka wafadhili wetu wanaosoma ukurasa huu watusamehe kwa kulisema hili wazi. Tunaomba kila mfadhili, akipokea barua ya kubadilisha akaunti ya benki, hata kama imetoka kwa anwani anayoifahamu na imeandikwa na mtu anayemfahamu, asiijibu barua hiyo kwa kuuliza kama ni ya kweli. Atajibiwa na mwizi. Apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa ndani ya barua. Na kamati za sharika, tunaomba msione kuwa kupigiwa simu ni kutoaminiwa. Tumeshasikia mzee mmoja akilalamika kwamba "Wazungu siku hizi wanatuhoji kama polisi". Baba yetu, simu ile iliokoa kisima.

Ulaghai wa namna hii siyo wa kwetu peke yetu. Septemba na Oktoba 2024 Interpol na Afripol waliendesha msako katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulioitwa Serengeti, na watu 1,006 wakakamatwa. Udanganyifu wa barua pepe za biashara na virusi vya kudai fidia vilikuwa miongoni mwa makosa yaliyolengwa.

Turudi kwenye akaunti. Kama katibu angekuta neno la siri la Gmail limeshabadilishwa, bado njia ingekuwepo, lakini ingetaka haraka. Google huruhusu kutumia namba ya simu ya akiba ya zamani kwa siku 7 baada ya kubadilishwa. Na mwenye akaunti akiomba kurudishiwa, afanye hivyo kwa simu aliyozoea kuingilia, akiwa mahali alipozoea, maana Google hupima hayo pia. Asiende kufanyia mjini kwenye steshenari. Kwa Facebook upo ukurasa wao wa akaunti zilizoibwa, facebook.com/hacked. Kwa WhatsApp, dawa ni kusajili namba upya kwenye simu yako kwa ile namba ya tarakimu sita inayoletwa kwa ujumbe. Ukifanya hivyo mwizi anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN hiyo, lakini katika siku hizo naye hayumo. Wakati huo tangazeni kanisani na kwenye vikundi kwamba ujumbe wa kuomba fedha kutoka namba ile ni wa uongo. Tangazo la mdomo siku ya Jumapili linafika mbali kuliko tunavyodhani.

Kuhusu namba hiyo ya tarakimu sita: hakuna mtu, si mtandao wa simu, si benki, si ofisi yetu, anayestahili kuipata. Mtu akikupigia kwa upole akasema "mama, kuna namba imeingia kwako kwa makosa, nisomee," ni mwizi, hata akikutaja kwa jina la ukoo.

Fedha za simu tuliziangalia siku hiyo hiyo. Katibu alikuwa na mazoea ya kuandika PIN ya fedha za simu kwenye faili la hesabu, na hatumlaumu, kwani tunawajua wengine watano humu ndani wenye mazoea hayo. PIN ikabadilishwa. Akapiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, asije akawa ameongezewa laini asiyoijua. Meseji za "ile hela tuma kwa namba hii" zipelekwe 15040, namba ambayo TCRA iliiweka kwa kazi hiyo, na ni bure.

Baada ya akaunti zote kurudi mikononi, na kila moja kuwekewa hatua ya pili ya kuingilia, ndipo tukaigeukia mashine yenyewe. Siku mbili zilikuwa zimepita. Hapa tunatofautiana na mafundi wengi, na tunasema hivyo tukijua wapo wawili kwenye chumba hiki. Fundi atakuambia ataisafisha: ataweka programu ya kukinga virusi, itatafuta, itafuta, kwisha. Kwa virusi vya zamani vya flashi njia hiyo inakubalika. Mnavikumbuka vile vinavyoficha mafolda yako na kuweka njia za mkato badala yake. Mafaili yapo, yamefichwa tu, na amri ya attrib huyarudisha. Lakini mashine ambayo kinga yake ilizimwa kwa makusudi, ikaendesha kitu kisichojulikana kwa siku tatu, hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba ni safi. STOP ilikuwa imeharibu hata orodha ya ndani ya anwani, ili kompyuta isiweze kufungua kurasa za makampuni ya kinga. Mashine ya namna hiyo hufutwa yote na kuwekwa upya.

Kabla ya kufuta tulinakili mafaili yote yaliyofungwa, pamoja na ile karatasi, kwenye diski ya nje. Tutaeleza sababu hivi punde. Kisha kwenye kompyuta safi tulitengeneza flashi ya GB 8 yenye Windows iliyotoka kwa Microsoft yenyewe. Na hapa tukagundua jambo la kusikitisha kidogo. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 na kuendelea zina namba ya leseni ndani ya bodi yenyewe. Laptopu ile iliyonunuliwa mtumba ilikuwa na leseni halali tangu siku ya kwanza. Ilipowekwa Windows ya toleo linalolingana na leseni hiyo, ilijithibitisha yenyewe bila kuulizwa chochote. Kile kijiprogramu cha kuvunja kufuli kilivunja mlango uliokuwa wazi.

Programu za kuandikia ndizo ambazo leseni haikuwepo. Tukaweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali, inaandika Kiswahili sawa na nyingine, na inafungua mafaili ya Word na Excel. Wako watakaosema haifanani. Ni kweli haifanani, na wiki ya kwanza katibu alinung'unika. Kinga tuliyoacha ni ile inayokuja na Windows yenyewe, ambayo haihitaji kununuliwa. Neno moja tu kwa wenye mashine za zamani: Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizoko sharikani ni za Windows 10. Ongezeko la muda lipo kwa wanaojiandikisha, lakini ni la muda. Zile zisizoweza kupokea Windows 11 zinaweza kupewa Linux na kuendelea kufanya kazi ya barua na hesabu kwa miaka. Tuko tayari kuonyesha.

Sasa mafaili. Swali la kwanza la kamati lilikuwa: tulipe? Tulijibu hapana, na siyo kwa sababu ya ukali. Fedha za usharika zina mafungu, na hakuna fungu la kumlipa mwizi. Kulipa hakumlazimishi mwizi kutoa ufunguo. Na anayelipa huandikwa kwenye orodha ya wanaolipa. Kuna mahali pa kujaribu bure kwanza. Mwaka 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya kinga walianzisha No More Ransom, ambako unapeleka faili moja lililofungwa na karatasi ya mwizi, nao wanakuambia ni virusi gani na kama ufunguo upo. Kwa STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019, kilichoweza kufungua aina 148. Lakini aina zilizotoka baada ya Agosti 2019 zilibadilisha namna ya kufunga. Kwa hizo, kila kitategemea kama kompyuta ilikuwa na mtandao wakati wa kufungwa. Ikiwa ilikosa mtandao, virusi vilitumia ufunguo mmoja wa akiba unaofanana kwa wengi, na ufunguo huo ukishapatikana wote wanafunguliwa. Ikiwa mtandao ulikuwepo, ufunguo ni wa mashine ile peke yake, nao anao mwizi.

Kwetu mtandao ulikuwepo. Siku nyingine tungelalamika kwamba bando limekatika katikati ya kazi. Siku ile halikukatika. Kifunguzi kilijibu kwamba haiwezekani kwa sasa. Ndiyo maana tulihifadhi mafaili yale kwenye diski, kwa kuwa huko nyuma imetokea funguo kupatikana baadaye. Yapo kabatini na lebo yake. Hatuahidi chochote.

Yaliyopona yalipona kwa njia nyingine. Taarifa zote zilizowahi kutumwa kwa barua pepe zilikuwa bado kwenye kisanduku cha zilizotumwa, na kumbe hizo ni karibu theluthi mbili ya kazi ya miaka miwili. Picha za kisima zilikuwa kwenye simu ya mwinjilisti. Hesabu za kakao zilikuwa kwenye daftari la mkono la mama mhazini, ambaye alikuwa amegoma kuliacha daftari hata baada ya kufundishwa kompyuta, na wengi walimcheka. Vijana watatu wa kidato cha nne waliziingiza upya kwa siku sita, wakalipwa chakula na nauli.

Na kwaya. Kwaya ilikuwa na rekodi za sauti na video za miaka kadhaa humo, na mwenyekiti wa kwaya alikuja ofisini akiwa kama mfiwa. Sasa, STOP ina haraka. Ili ifunge mafaili mengi kwa muda mfupi, hufunga sehemu ya mwanzo tu ya kila faili, kama kilobaiti 150. Kwa barua ya kurasa mbili hiyo ni barua nzima. Kwa rekodi ya nusu saa ni pumzi ya kwanza ya wimbo. Kwa programu za kurekebisha sauti na video, rekodi kadhaa kubwa zilirudi, zikiwa zimekosa mwanzo. Wimbo mmoja unaanzia kwenye ubeti wa kwanza katikati ya neno. Kwaya imesema inatosha.

Ambacho hakikupona hata kidogo ni orodha ya watoto wanaolipiwa ada, pamoja na maelezo ya familia zao. Orodha yenyewe imeandikwa upya kwa kutembelea mtaa kwa mtaa, kuanzia Lusungo kuja huku. Shida ni ile iliyokuwa kwenye mashine. Humo kulikuwa na majina, afya za wazazi, nani ni yatima wa nini. Hatuwezi kuapa kwamba haikunakiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taasisi zote zinazokusanya taarifa za watu, na kanisa halikutolewa. Inataka mkusanyaji asajiliwe kwa Tume, na taarifa zikivuja aiarifu Tume. Tukio limeripotiwa polisi pia, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hati ya taarifa hiyo benki iliidai tulipokwenda kuweka tahadhari kwenye akaunti ya usharika. Wazazi wa watoto wale tuliwaita na kuwaambia. Kikao kilikuwa kigumu. Mama mmoja aliuliza kwa nini ugonjwa wake uliandikwa mahali ambapo watoto wanaangalia sinema, na hakuna aliyemjibu.

Tangu hapo maelezo ya afya hayaandikwi tena kwenye orodha za ada, katika usharika wowote. Jina la mtoto, shule, darasa, kiasi. Fomu mpya mtazipata mlangoni pamoja na posho ya nauli.

Kuhusu nakala za akiba hatutachukua muda. Kila usharika wenye mradi utapewa diski moja ya nje. Diski ichomekwe Ijumaa, mafaili yanakiliwe, ichomolewe, na ikae nyumbani kwa mtu ambaye siye mwenye kompyuta, mahali pa juu. Kuchomolewa ni lazima, kwa sababu iliyochomekwa ingefungwa pamoja na mengine. Na juu kwa sababu Machi hadi Mei mnaijua Kyela na maji yake. Maneno ya siri yasiachwe kwenye kivinjari. Daftari dogo lililofungiwa kwenye sanduku la matoleo ni salama kuliko kivinjari, hata kama vijana watacheka.

Mzee wa Mwaya aliuliza wakati wa chai kama gharama ya kufuta na kuweka upya itoke kwenye fungu la mradi. Tumeuliza wafadhili wawili, wamekubali kuiweka chini ya uendeshaji, kwa mashine zinazofanya kazi ya mradi tu. Majina ya makatibu wenye kompyuta zilizowekwa programu za kuvunja kufuli yaletwe ofisini bila haya kabla ya mwisho wa mwezi. Hatutauliza fundi alikuwa nani. Tutaanza na za Ipinda, kisha Matema, na wa Ikombe tutawafuata wenyewe ziwa likitulia.